Kibali cha Kwenda Mbweni

Jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya milima ya Vidunda, na Mwalimu Makarius alikuwa bado anazunguka kijijini na kikapu mkononi, akikusanya chupa tupu.

Isidhaniwe kwamba alikuwa ameishiwa. Alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika Kijiji cha Ujamaa Lugoda, karibu na Mikumi, na darasa lake lilikuwa limefaulu mtihani. Wanafunzi ishirini na saba, mdogo wao na miaka arobaini, wote sasa waliweza kusoma gazeti na kubisha yaliyomo. Kamati ya kijiji, siku hiyo ikiwa na moyo mweupe usio wa kawaida, iliwapa zawadi: siku moja ya kupumzika ufukweni Mbweni, pwani tulivu kaskazini ya Dar es Salaam, ambako, kwa mujibu wa muhtasari wa kikao, "hakuna kelele wala walanguzi". Kuondoka Jumapili alfajiri, kurudi Jumapili hiyo hiyo usiku. Lori la kijiji lilikuwapo. Mihogo ya kuchemsha ilikuwapo. Kuku wanne walikuwa wamepitishwa bila kupingwa.

Mwalimu mwenyewe alikuwa amelifundisha neno *bahari* kwa miaka sita. Bahari yenyewe hajapata kuiona.

Habari ya chupa ilikuwa ya wanakijiji wanaobaki. Anayekwenda pwani huagizwa maji ya bahari: ya kuogea, ya kunyunyiza mlangoni, ya kuondoa mikosi. Makarius aliwapinga kisayansi kwa dakika arobaini. Wakamsikiliza kwa heshima zote, kisha wakamwuliza atapita saa ngapi kuzichukua.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Sikuzani, kule mtoni. Alikuwa Mzaramo. Mumewe, fundi wa reli, ndiye aliyemleta huku wakati reli ya kwenda Kidatu inajengwa; mume akafa, reli ikaisha, yeye akabaki. Siku hizi alikuwa hatoki nje.

Makarius alikuwa Mnyamwezi, ingawa alizaliwa Kimamba, ambako baba yake alikuja kukata mkonge. Na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu zama za misafara. Mtani wako atakutukana, atakuchukulia jogoo, atakuja msibani kwako acheke. Na hakuna baraza duniani litakalopokea mashtaka. Maneno ya utani hayana mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyolelewa.

"Hodi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nani huyo? Mpagazi wangu?"

"Ndiye. Lakini leo nimefuata chupa, si mzigo."

"Mnyamwezi na mzigo hawaachani. Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu, wewe utashindwa na chupa? Ingia."

Ndani mlikuwa na giza, na harufu. Haikuwa ya moshi. Haikuwa ya ugonjwa. Ilikuwa ya kitu kibichi, chenye chumvi, kama nguo iliyolowa miaka mingi iliyopita na kukataa kukauka.

Bi Sikuzani alikuwa amekaa kitandani, chupa mapajani. Chupa ya kizamani, nyeusi, mdomo umezibwa kwa nta na kufungwa kipande cha kaniki.

Makarius akaipokea. Ilikuwa nzito.

"Bibi, wenzako wananipa tupu."

"Wenzangu wanataka kuletewa. Mimi nataka kurudisha." Akashusha sauti. "Huyu pepo nilitoka naye kwetu, Mbweni. Alikuwa wa mama yangu, kisha wangu. Miaka hamsini mimi ndiye kiti chake. Sasa kiti kimevunjika, mwanangu, na yeye hakai chini. Nimemwambia kuna gari Jumapili. Amekubali kungoja humo... mpaka Jumapili. Umwage pale maji yanapokatikia, basi."

"Na tukichelewa?"

"Msichelewe."

Hapo ndipo Makarius alipofanya kosa. Lakini ni kosa ambalo mtani yeyote angelifanya, na asiyelifanya angeonekana hana malezi.

"Tukichelewa," akasema, "mwambie amchukue mke wangu Lea. Anakula sana, na kicheko chake kinatisha kuku."

Ulikuwa utani, tena wa daraja la kati. Bi Sikuzani alipaswa kumjibu kwamba mke wa mpagazi hafai hata kwa kulindia mtama. Badala yake alikuwa anaitazama chupa.

Ndani ya chupa, kitu kiligonga kizibo.

Mara moja. Kama mwenyekiti anavyogonga meza: *imepita.*

"Mpagazi," bibi akanong'ona, "mimi ni mtani wako. Huyo si mtani wako."

* * *

Miaka ile mafuta yalikuwa yamepanda, na Serikali ilikuwa imepiga marufuku magari kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali. Lori la Lugoda lingekuwa njiani mpaka usiku. Kwa hiyo kibali kilihitajika, na kwa hiyo Jumatatu Makarius alipanda basi kwenda Kilosa, kwenye ofisi ambayo haina haja ya kutajwa, mbele ya karani aitwaye Bwana Mathayo.

Bwana Mathayo aliisoma fomu kwa kidole.

"Madhumuni ya safari. Umeandika 'kupumzika'."

"Ndiyo."

"Hakuna kupumzika." Akaigeuza fomu ili Makarius aone mwenyewe. "Kuna Ugonjwa. Kuna Msiba. Kuna Mazao. Kuna Kazi ya Taifa. Wewe ni kipi hapo?"

"Ni zawadi ya wanakisomo, ndugu. Kusoma ni kazi ya Taifa."

"Kusoma, ndiyo. Kuogelea je?"

"Hawajui kuogelea."

"Basi wanakwenda kufanya nini baharini?" Akaiweka fomu juu ya fomu nyingine. "Lazima mkubwa aione. Mkubwa yuko semina. Njoo Alhamisi. Ungekuwa na msiba, mwalimu, ningekupa sasa hivi."

Alhamisi mkubwa alikuwa amerudi kutoka semina na amekwenda kwenye mkutano wa kuijadili semina. "Wiki ijayo," Bwana Mathayo akasema, kwa upole wa mtu asiyekwenda popote.

Nyumbani, chupa ilikuwa juu ya kabati la vitabu. Lea, mwenyeji wa Vidunda, mwanamke aliyecheka vichekesho vyake mwenyewe kabla hajavimaliza, alisimuliwa habari yote na akacheka mpaka akakaa chini.

"Umeniweka rehani kwa chupa? Ungenipeleka hata kwa mwenye gari!"

Lakini Alhamisi hiyo jioni hakucheka. Aliuweka mtungi mbele ya mumewe.

"Onja."

Maji yalikuwa ya chumvi.

"Nimeyachota kisimani mwenyewe. Na jana nilichota mwenyewe." Akamtazama. "Baba, Jumapili tunakwenda, sivyo?"

"Tunakwenda," akasema Makarius.

Juu ya kabati, kitu kiligonga. Mara tatu. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

* * *

Ijumaa alasiri Bi Sikuzani akafariki. Makarius aliambiwa akiwa darasani, na jambo la kwanza lililomjia, Mungu amsamehe, ni kwamba sasa ana msiba. Akapanda baiskeli mpaka kwenye simu ya stesheni ya Mikumi, akapiga Kilosa.

"Pole sana," alisema Bwana Mathayo. "Marehemu anazikwa wapi?"

"Hapa hapa Lugoda."

"Sasa gari la nini?"

Mazishi yalikuwa Jumamosi mchana, na mtani haondoki msibani. Ndiye mwenye kazi zote. Makarius alichimba, alibeba, aliambiwa achekeshe watu akachekesha. Watu wakasema hawajapata kuona mtani mzuri kama yule.

Jumapili, kabla ya mapambazuko, aliifunga chupa kwenye shati akatembea hadi barabara kuu, asubiri basi la kwenda Dar es Salaam. Kama lori haliendi, atakwenda mwenyewe. Lea alimsindikiza mpaka mlangoni. Alimshika tu mkono, akauachia, akaushika tena.

Basi la kwanza lilipita limejaa mpaka milangoni. La pili halikupunguza hata mwendo. La tatu lilisimama. Kondakta akashuka, akanusa.

"Mzee, umebeba nini?"

"Chupa tu."

"Hapana. Hiyo harufu siingizi ndani. Kuna watoto humu."

Likaondoka.

Saa tano. Saa sita. Magari yakazidi kupungua. Madereva walipita mbio, kila mmoja anakimbilia kwake kabla ya saa ya marufuku. Makarius alinyoosha mkono, akapunga, akapiga magoti kwenye changarawe mbele ya Landrova moja iliyomkwepa na kumpigia honi. Saa saba. Saa saba na nusu. Jua lilikuwa utosini, lami inametameta.

Kisha saa nane.

Msomaji ambaye hakuwako miaka ile hawezi kuujua ukimya wa Jumapili saa nane. Barabara kuu ya nchi nzima inakata roho. Hakuna injini, mashariki wala magharibi. Hata ndege waliacha kulia, kana kwamba na wao walisomewa tangazo.

Na katika ukimya huo, akasikia maji.

Yanakuja... yanarudi. Yanakuja... yanarudi.

Hakuwa amepata kuusikia mlio ule maishani, na aliujua. Ulikuwa umetoka ndani ya shati lake. Ukapita begani. Ukaelekea Lugoda.

Chupa ikawa nyepesi.

Alikimbia. Maili sita, mchana kweupe, mwalimu mzima, viatu mkononi. Watu waliokuwa barazani walimwamkia, naye hakuitikia hata shikamoo moja, jambo lililozungumzwa kwa muda mrefu.

Lea alikuwa amelala kwenye mkeka uani. Anapumua. Usingizi tu. Makarius akapiga magoti, akamgusa kichwa.

Nywele zilikuwa zimelowa.

Nyayo zake zilikuwa na mchanga mweupe, laini kama unga. Lugoda nzima haina mchanga mweupe.

"Lea..."

Macho yakafunguka. Yakamtazama taratibu, kama mtu anavyotazama nyumba aliyopangishwa.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

* * *

Majirani hawakuona kitu. Walimsifu, hata. Mke wa Mwalimu ametulia, walisema. Sasa anapika kwa wakati, habishani kisimani. Makarius alimsimulia vichekesho, kimoja baada ya kingine, usiku na mchana, na yeye akavisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, mikono mapajani.

"Halafu ikawaje?" angeuliza.

Alikwenda kwa padri, akapewa maji ya baraka. Yalipofika nyumbani yalikuwa ya chumvi. Alikwenda kwa mganga wa Lumuma, ambaye alimtazama mwanamke kwa mbali, akamrudishia Makarius jogoo aliyemletea, na nauli juu. "Huyu hajaingiwa," akasema. "Anayeingiwa huwa yumo pia mwenyewe."

Hatimaye kibali kilitoka, cha Jumapili ya tatu baada ya hapo. Kilikuja na mihuri miwili na orodha ya abiria iliyopigwa chapa, watu ishirini na tisa: wanakisomo wote, Mwalimu, na Lea Makarius, mpishi. Madhumuni: *Kazi ya Taifa.* Kulikuwa na sharti moja. Idadi iliyokwenda ndiyo irudi, na ihakikishwe kwenye kizuizi cha barabarani.

Makarius aliamka siku hiyo na matumaini, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye. Atampeleka kwao. Atashuka wa kushuka, atarudi wa kurudi.

Walifika Mbweni saa nne na nusu. Maji yalikuwa yamekupwa. Ufukwe ulikuwa mtupu, mweupe, mtulivu kama kamati ilivyoahidi. Wazee waliteremka wakasimama mstari mmoja, wakaisoma bahari kwa sauti, silabi kwa silabi, wengine machozi yanawatoka. Kisha wakapandisha mashuka yao wakaingia mpaka vifundoni, wakipiga kelele kama watoto wa shule.

Ile harufu. Ndiyo hii. Pwani nzima ilinuka kama chumba cha Bi Sikuzani.

Mkewe hakuteremka. Alikuwa amekaa nyuma ya lori, kivulini, anamenya muhogo.

"Shuka," Makarius akanong'ona. "Umefika kwenu."

"Hapa?" Akautazama ufukwe bila hamu. "Kwetu wanahesabu siku, Mwalimu. Siku yangu imepita."

"Mke wangu yuko wapi?"

"Kwa watu wangu. Alikwenda Jumapili ile ile." Akaendelea kumenya. "Hakuhitaji kibali."

"Nilikuwa natania. Ulijua natania!"

"Siku uliisema wewe. Na mtu ulimtaja wewe." Kisha, kwa upole: "Kula muhogo."

Kutoka majini, Mzee Melkizedek, mwanafunzi mkubwa kuliko wote, alikuwa anaita. Alikuwa amekinga macho kwa mkono.

"Mwalimu! Mwite mama. Amekwenda mbali mno, na maji yanajaa."

Makarius akageuka.

Mbali, pale mawimbi yalipokuwa yanakatikia mwambani, alisimama mwanamke. Maji magotini. Kanga yake ya njano, ile ya kwendea kisimani, imemng'ang'ania mwilini.

Akatazama nyuma. Mkewe alikuwa kwenye lori, anatafuna.

Akatazama mbele. Maji kiunoni.

Na kicheko. Kilikuja juu ya maji, chembamba, kimevunjikavunjika, kicheko cha mtu anayecheka kabla hajamaliza kusema:

"Makarius! Gari limekuja?"

Hakukumbuka aliingiaje. Alikumbuka maji kifuani, chumvi puani, mchanga unaondoka chini ya miguu. Alikumbuka alinyoosha mkono, na mkono ukanyooshwa, na baina ya vidole na vidole palikuwa na wimbi moja tu. Kisha likaja la pili. Mikono mingine ikamshika shati kwa nyuma, mikono migumu ya jembe, wazee wanne wasiojua kuogelea wamefanya mnyororo, wanamvuta, wanalia, wanamtukana.

"Gari limekuja?" sauti iliuliza tena, mbali zaidi. "Makarius? Gari..."

Halafu bahari ikawa bahari tu.

Wazee walikaa kikao palepale mchangani, kwa kuwa walikuwa wamezoea. Walijadili. Wengine walisema wameona mtu, wengine mnyama. Mzee Melkizedek alisema ameona alichokiona. Hatimaye ikaazimiwa kwamba lilikuwa gogo, na kwamba Mwalimu amechoka na safari.

Saa tisa dereva akapiga honi.

* * *

Kizuizi kilikuwa kabla ya kuingia mbuga ya Mikumi: gogo juu ya mapipa mawili, mgambo mmoja, tochi moja. Giza lilikuwa linaanza kushika. Mgambo alikisoma kibali mbele na nyuma, akaipenda mihuri, kisha akaanza kuita majina.

"Melkizedek!"

"Nipo."

"Tomasi!"

"Nipo, afande."

Jina baada ya jina. Nguo za Makarius zilikuwa zimemkaukia mwilini na kuacha chumvi. Kando yake alikaa mwanamke, bega kwa bega, wa baridi kama ukuta wa kisima.

"Lea Makarius!"

Mgambo akaishikilia penseli juu ya jina.

Sasa, akawaza. Sema. Neno moja tu: *hayupo.* Watauliza, watarudi, watapeleka mashua, watafanya lolote ambalo Serikali hufanya mtu anapopungua kwenye orodha. Akafumbua kinywa. Ulimi ulikuwa mkavu, mzito, umejaa ladha ya chumvi.

"Nipo," akajibu mwanamke. Kwa sauti ya Lea.

Mgambo akamulika uso wake. Akautazama kitambo. Tochi ikatikisika kidogo, kisha ikateremka kwenye karatasi, ambako mambo yalikuwa wazi, na penseli ikaweka alama ya vema.

"Ishirini na tisa," akasema. "Safi kabisa. Mwalimu, tia sahihi hapa."

Makarius akaisoma ile sentensi kwenye mwanga wa tochi. *Nathibitisha kwamba wote niliowachukua nimewarudisha.*

"Tia basi, Mwalimu. Mnaziba njia."

Mkono uliolowa ukapita mbele yake, ukapokea penseli kwa mgambo, ukamwekea vidoleni.

Akatia sahihi.